Nguo isiyo na uzi, ugomvi wa pamba

Machi 2021 kampuni ya Burberry ya Uingereza ilibuni vazi ambalo hakuna binadamu angelivaa. Mwenye vazi alikuwa Yao, binti anayegeuka paa kwenye Honor of Kings, mchezo wa simu wa kampuni ya Tencent unaochezwa na mamilioni ya Wachina kila siku. Vazi lilikuwa na ile miraba ya Burberry inayojulikana dunia nzima, na wachezaji walikwishaonyeshwa picha wakae mkao wa kununua. Tarehe 25 ya mwezi huohuo likafutwa. Kisa, pamba.

Siku tatu kabla, Marekani, Uingereza, Kanada na Umoja wa Ulaya walikuwa wamewawekea vikwazo maofisa wa Uchina kwa jinsi Wauyghur, jamii ya Waislamu, wanavyotendewa mkoani Xinjiang. Mitandao ya Uchina ikajibu kwa kufukua matamko ya nyuma ya kampuni za mitindo za kigeni zilizosema hazitaki pamba ya mkoa huo kwa tuhuma za kazi za kulazimishwa. H&M ikatoweka kwenye maduka makubwa ya mtandaoni, ukiitafuta huioni, kana kwamba haijawahi kuwepo. Burberry ikazolewa na mafuriko hayohayo, na vazi la Yao likaenda na maji.

Lakini vazi lile halikuwa na pamba. Halikuwa na polista wala kifungo wala uzi. Zilikuwa hesabu tupu, zimepangwa zikaonekana kama kitambaa. Tangu nisome habari ile, kila nikimsikia mtu akihubiri kwamba mavazi ya kidijitali yatatutoa kwenye mipaka ya nchi, ya mwili na ya malighafi, ninamkumbuka binti paa aliyevuliwa vazi kwa kosa la pamba ambayo hakuivaa.

Mimi naona mambo yanakwenda kinyume na mahubiri hayo. Nguo ya mkononi ina mengi ya kujieleza nayo: uzito, joto, mshono, hata harufu ya duka. Unaweza kuichukia rangi yake ukaipenda kwa sababu haikuwashi shingoni. Nguo ya kwenye skrini imenyang'anywa hayo yote ikabakiziwa kimoja, alama. Na watu hawagombanii joto la nguo, wanagombania alama. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, Uchina, nchi iliyokimbilia mavazi ya kidijitali kwa kasi kubwa, ndiko swali la "hii ni ya nani?" linawaka moto kuliko kwingine.

Miezi michache kabla ya kisa cha Yao, mwishoni mwa Oktoba 2020, kampuni ya Paper Games ya mjini Suzhou ilikuwa imeupeleka Korea Kusini mchezo wake uitwao Shining Nikki, mchezo ambao kazi yake kubwa ni kumvalisha binti nguo. Kuwakaribisha Wakorea, wakaweka hanbok, vazi la jadi la Kikorea, kabatini. Wachezaji wa Uchina wakaja juu: hiyo ni nguo ya enzi ya nasaba yetu ya Ming, Wakorea waliiga. Wakorea nao wakawasha moto upande wao. Kampuni ikaiondoa hanbok, kisha, wiki moja tu tangu izindue, ikatangaza kwamba inafunga huduma nzima ya Korea na kwamba msimamo wake ni msimamo wa nchi yake. Soko zima limefungwa kwa ajili ya gauni la mwanasesere. Februari 2022, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya majira ya baridi Beijing, mwanamke mmoja alitokea na hanbok kuwakilisha Wachina wenye asili ya Korea, na mara hii waliowaka wakawa Wakorea Kusini. Nguo ileile. Mara ya kwanza Wachina walilalamika kwamba imeitwa ya Kikorea, mara ya pili Wakorea wakalalamika kwamba imeitwa ya Kichina.

Msomaji asiyeifahamu historia ataona ni utoto. Si utoto. Mwaka 1645 watawala wapya wa nasaba ya Qing, Wamanchu waliotoka kaskazini, waliwaamuru wanaume wa Kihan, kabila lenye Wachina wengi, wanyoe paji la uso na kusuka nywele mkia mmoja nyuma. Anayebakiza nywele atapoteza kichwa, ndivyo ilivyoeleweka, na wapo waliopoteza vichwa kweli. Mavazi yakafuata nywele. Karne mbili na nusu baadaye, nasaba ilipoanguka, nguo za Wahan wa kale zilikuwa zimebaki kwenye michoro, makaburini, majukwaani na kwenye majoho ya watawa wa Kitao. Karne ya 20 ikaleta gauni la qipao la Shanghai, lenye asili ya Kimanchu, na suti ya Sun Yat-sen yenye mifuko minne ambayo baadaye dunia iliibandika jina la Mao. Hiyo tunaijua. Ilitufikia hadi Dar es Salaam, wazee wakaiita suti ya Chuenlai, na Mwalimu aliivaa ikamkaa.

Kwa hiyo kijana wa Kichina wa leo anapouliza babu zake walivaa nini, jibu halimo kwenye sanduku la bibi. Tarehe 22 Novemba 2003 mfanyakazi mmoja wa shirika la umeme, Wang Letian, alitembea mitaa ya Zhengzhou amevaa joho pana la kale lililotengenezwa na wenzake wa mtandaoni kwa kufuata michoro na maandishi. Wapenzi wa hanfu, yaani mavazi ya Wahan, huhesabu mwanzo wao siku ile. Hapa pana jambo la kuzingatia: vazi hili lilikuwa la kidijitali kabla ya kuwa la kitambaa. Lilizaliwa kwenye majukwaa ya mtandao, picha ikafuatwa na mkasi. Wanaosema kwamba vijana wa leo wanaihamisha mila kutoka kwenye nguo kwenda kwenye skrini wameshika kitabu juu chini.

Kilichoitoa hanfu kwa wapenzi wachache na kuifikisha kwenye makabati ya watu wa kawaida ni kiburi kilichoguswa. Julai 2022 Dior ya Ufaransa iliuza sketi nyeusi ya marinda kwa dola 3,800. Wachina wakaitazama mara moja wakasema ni mamianqun, sketi ya "uso wa farasi", ya enzi za Ming na Qing, ila imefupishwa na haikutajwa inakotoka. Wanafunzi wa Kichina wakaandamana mbele ya duka la kampuni hiyo Champs-Élysées, Paris. Huko nyumbani watu hawakuishia kulalamika, walikwenda kununua mamianqun. Wilaya ya Cao mkoani Shandong, iliyokuwa ikijulikana kwa kushona mavazi ya maonyesho na, usicheke, kuchonga majeneza ya kuuza Japani, ikageuka kiwanda cha hanfu cha taifa. Kuelekea Mwaka Mpya wa Kichina wa 2024 vyombo vya habari vya Uchina viliripoti kwamba wilaya hiyo peke yake imeuza mavazi ya sikukuu, mengi yakiwa mamianqun, ya zaidi ya yuan milioni 300.

Moja ya sketi hizo, au ndugu yake, ipo nyumbani kwangu. Rafiki anayefuata mzigo Guangzhou alimletea mpwa wangu. Ya buluu iliyokolea, na pindo la dhahabu lenye mazimwi, yale majoka ya Kichina. Ukiikaribia unaona kwamba dhahabu ile haikufumwa wala kutariziwa, imechapwa juu ya polista, na mahali mashine ilipoteleza zimwi mmoja ana macho mawili upande mmoja. Sikuelewa inavaliwaje. Haina tundu la kupitisha miguu. Nikaichukua hadi kwa fundi wangu Magomeni, naye akaitandika mezani, akaivuta huku na huku. Ni vipande viwili vya kitambaa, kila kimoja kina marinda katikati na ncha zake mbili ziko bapa. Vyote viwili vimeshonewa kwenye mkanda mmoja wa kiunoni, vikipandana. Unajizungushia, unafunga kamba, ncha bapa zinalaliana mbele na nyuma kama milango, marinda yanakaa ubavuni. Ukitembea milango inafunguka kidogo.

Fundi akavua miwani. "Kaka, hii siyo sketi," akasema. "Hii ni doti iliyotiwa mkanda."

Nimesoma makala nyingi za mitindo kuhusu sketi ile na sijaona iliyoieleza vizuri kumshinda. Uchina wake haumo kwenye mazimwi ya dhahabu. Umo kwenye akili ya kuchukua vitambaa viwili vya mstatili na kuupatia mwili nafasi ndani yake bila kuukatia umbo. Zimwi unaweza kulichapa kwenye fulana. Akili ile huwezi kuichapa.

Hapo ndipo ninapowapimia wabunifu wa kidijitali. Programu zinazotumika kushonea nguo kwenye kompyuta, kama CLO ya Korea Kusini au Style3D ya Hangzhou, huanza na mwili. Unaweka sanamu ya mtu kwenye skrini, unachora vipande, unavishona kwa kubofya, kisha unaviacha vimwangukie. Kompyuta inapiga hesabu ya uzito na ugumu wa kila kitambaa na kukuonyesha kinavyokaa. Ni kazi ya ajabu kweli, na Wachina hawako nyuma. Mwaka 2022 Style3D iliinunua Assyst, kampuni kongwe ya Ujerumani ya programu za ukataji nguo. Lakini mazoea ya ushonaji wa namna hii ni ya suti na gauni la Ulaya. Bega lina mshono wake, mkono unapachikwa, kifua kinabanwa kwa mikunjo ya siri, na kunyanzi lolote kwapani ni kosa la kurekebishwa.

Joho la Kihan halikukatwa hivyo. Kitambaa kinapita juu ya bega kutoka mbele hadi nyuma bila kukatwa, mkono unatokana na kitambaa hichohicho, na mshono mkuu unashuka katikati ya mgongo. Ukilivua linalala bapa sakafuni. Ukilivaa, kitambaa cha ziada kinajikusanya chini ya kwapa na kuanguka kwa mawimbi, na mawimbi yale ndiyo uzuri wenyewe. Sasa mbunifu aliyefunzwa na programu anayaona mawimbi anayafuta. Anabana kiuno, anapandisha bega, anaongeza zimwi na taa, anatuambia ni joho la nasaba ya Tang la mwaka 2080. Kwangu mimi hilo ni gauni la jioni la Paris lililojifunga tai ya Kichina. Ukipita kwenye kurasa za sanaa za Uchina utaona mengi ya aina hiyo, na tangu akili unde ianze kuchora, yamekuwa kama mvua za masika.

Na taa zenyewe zimetoka wapi? Ukimwambia mtu afikirie Uchina ya kesho, atakuchorea usiku, mvua, taa za neon za waridi na buluu, maandishi ya Kichina yakining'inia juu ya barabara nyembamba, umati, mvuke wa supu. Picha hiyo haikuchorwa na Wachina. Ni ya Hollywood ya miaka ya 1980, wakati Marekani ilipokuwa ikiogopa pesa za Japani, ikaiota kesho yake kama mji wa Asia usiolala. Miaka ya 1990 wanazuoni waliipa hofu hiyo jina na kuichambua: Mwasia katika picha hizo anamiliki mashine na hana roho. Baadaye vijana wa miji ya Uchina kama Chongqing na Shenzhen wakaikuta imetapakaa kwenye michezo na filamu, wakaipenda, wakaivaa. Huko Hong Kong, ambako mitaa yake ndiyo iliyoazimwa kuchorea picha ile, neon za kweli zimekuwa zikiteremshwa moja baada ya nyingine kwa kukiuka kanuni za majengo.

Sisemi kuazima ni dhambi. Tarehe 31 Oktoba 2021 mhusika aitwaye Liu Yexi alitokea kwenye Douyin, TikTok ya Uchina, kwa video fupi, na ndani ya siku chache alikuwa na wafuasi kwa mamilioni. Si mtu, ni mwanamke wa kompyuta. Ameketi mbele ya kioo cha kujipambia, usiku, mtaani, na mavazi na nywele za kale. Waliomzunguka wana nguo za leo na simu mikononi, wanamrekodi. Mtoto mmoja anamsogelea, naye anamgusa jichoni kwa brashi ya rangi. Mtoto anafumbua macho anaona mashetani ambayo wale wenye simu hawayaoni. Neon zote zipo, na mvuto wa kigeni upo, lakini kuna kitu kimepinduliwa. Mwenye vazi la kale ndiye anayeona, wenye vifaa vya kisasa ndio vipofu. Wanja umekuwa teknolojia. Hilo mwanamke yeyote wa pwani aliyewahi kumpaka mtoto wanja ili kumkinga na jicho baya atalielewa bila mkalimani.

Tena kuna wasiotaka alama kabisa. Xander Zhou, mbunifu wa Beijing anayeonyesha kazi zake London, Juni 2018 aliwapitisha jukwaani wanaume wenye mimba. Hakuna zimwi wala kifungo cha fundo. Ukimuuliza mnunuzi wa Ulaya nini cha Kichina hapo, atakwama, na nadhani Zhou anafurahia kumkwamisha. Kwa nini mbunifu wa Milan aruhusiwe kuota vyovyote na mwenzake wa Beijing lazima aote na joka begani?

Hata hivyo, kati ya yote, wanaonivutia zaidi ni wale waliokwenda Dunhuang. Huko jangwani, mkoani Gansu, yapo mapango ya Mogao, mamia yake yamechorwa kuta hadi dari kwa karne nyingi na mafundi wa Kibudha. Humo ndani wanaruka feitian, viumbe wa mbinguni wasio na mbawa, wanaopaa kwa utepe mrefu tu unaowazunguka mabegani. Mwaka 2018 Tencent na Chuo cha Dunhuang, kinachoyatunza mapango hayo, walimvalisha Yang Yuhuan, mwanamke maarufu wa enzi ya Tang aliyemo kwenye Honor of Kings, skini, yaani vazi la mchezoni, ya feitian. Juni 2021 Alipay, huduma ya kulipia kwa simu, ikauza mapambo mawili ya skrini ya kulipia yenye michoro ya Dunhuang, nakala 8,000 kila moja, kwa yuan 9.9 na pointi 10 za wateja, yakaisha kufumba na kufumbua. Mwaka 2022 chuo chenyewe kikatoa mhusika wake wa kidijitali, Jia Yao, aliyetokana na ndege wa peponi mwenye kichwa cha mtu anayeonekana kwenye kuta hizo.

Utepe wa feitian ni zawadi kwa mtu wa kompyuta. Hauna mshono, hauna mwili wa kuubana, ni mwendo mtupu. Ila ukiuliza ni wa nani, unarudi kwenye ugomvi wa hanbok, na safari hii jibu linawachekesha wagomvi wote wawili, kwani feitian alitoka India. Alikuja na Ubudha kwenye njia ya hariri, akapita Asia ya Kati, akabadilisha sura, umbo na nguo kila alipolala, hadi alipofika Gansu akawa mwenyeji. Kielelezo cha Uchina kinachouzwa leo kwa fahari kubwa ni cha mhamiaji.

Zipo na rangi. Nyuso nyingi kwenye mapango yale ni nyeusi au kahawia, na kahawia ile ya udongo ndiyo wabunifu wanayoiita rangi ya Dunhuang. Wachoraji wa kale hawakuiweka hivyo. Walitumia rangi zenye madini ya risasi, na sehemu kubwa ya rangi hizo imegeuka nyeusi kwa hewa, mwanga na unyevu wa karne nyingi. Basi mbunifu anayemvalisha Yang Yuhuan achague: amvike rangi kali iliyokuwepo fundi alipoweka brashi chini, ambayo watazamaji wataiona ngeni na ya bei rahisi, au amvike kahawia ya kemia, ambayo kila mtu ataiamini? Wengi huchagua kahawia. Sina uhakika ningekuwa shujaa kuwashinda.

Nimetaja mafundi mara nyingi kwa sababu. Mjini Nanjing kuna mtambo wa mbao wa kufumia yunjin, hariri ya "mawingu" iliyokuwa ya wafalme, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2009. Una urefu wa zaidi ya mita 5 na unaendeshwa na watu wawili. Mmoja amekaa juu, kwenye mnara wa mtambo, kazi yake kuvuta kamba. Wa chini anapitisha mshindio, uzi wa kukatiza. Hufuma huku wakiimba beti za kuwakumbusha hatua, na kwa siku nzima wanapata sentimita chache tu za kitambaa. Siri iko kwenye kamba za wa juu. Kabla ya kufuma, fundi mwingine huugeuza mchoro kuwa mafundo: kila nyuzi za mtande, zile za urefu, zinapokutana na safari ya mshindio, swali ni moja tu, zinyanyuliwe au zisinyanyuliwe. Ndiyo, hapana, hapana, ndiyo, maelfu kwa maelfu, imefungwa kwenye kamba. Hiyo ni programu. Haifanani na programu, ni programu yenyewe. Mfaransa Jacquard alikuja na kadi zake za matundu za kuongozea mtambo wa kufuma mwaka 1804.

Mitambo ya jamii hiyo ina umri mkubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 2012 na 2013 wachimbuaji waliyafungua makaburi ya Laoguanshan, Chengdu, wakakuta vielelezo vidogo vya mbao vya mitambo ya kufumia mapambo, vya karne ya 2 kabla ya Kristo. Jumba la Makumbusho ya Hariri la Hangzhou likavipima, likaunda mtambo mkubwa wa kufanana navyo, na mwaka 2018 likamaliza kufuma nakala ya kitambaa kimoja maarufu, kinga ya mkono iliyofukuliwa mwaka 1995 huko Niya. Kina rangi tano, wanyama na ndege katikati ya mawingu, na katikati yao yamefumwa maneno: nyota tano zikitokea mashariki, ni heri kwa Nchi ya Kati, yaani Uchina. Kwa mtu wa huku hilo halihitaji maelezo. Ni kitambaa chenye jina, kama leso. Na Niya ipo Xinjiang, mkoa uleule wa pamba.

Kwa hiyo mbunifu wa Kichina anayetaka kesho yenye mizizi hana haja ya neon. Anayo kamba yenye mafundo. Mpaka sasa, katika niliyoyaona, wanaochimba huko ni wachache. Biashara inataka alama kwa sababu alama inaonekana haraka kwenye kioo cha simu, na serikali inaitaka kwa sababu inajibu "sisi ni nani" bila kuchelewesha watu. Hata nguo za kweli zimeanza kutengenezwa kwa ajili ya kioo hicho. Joho la manjano la Guo Pei, mbunifu wa Beijing, alilovaa Rihanna New York mwaka 2015 lilikuwa na uzito wa kilo 25 na lilichukua takriban miaka miwili kutariziwa. Mtandao ulichukua saa chache kuligeuza kimanda cha mayai, na wengi wetu tunalijua kwa kimanda kile.

Nasi tusijione watazamaji. Vitenge vingi tunavyovivaa harusini kwa majivuno ya Kiafrika vimechapwa Keqiao, mkoani Zhejiang, na vijana wa huko wanakaa kwenye kompyuta wakichanganya mapambo tutakayoyaita yetu mwaka kesho. Hakuna aliyefunga soko kwa hilo, na sijui kama ni ustaarabu wetu au usingizi.

Juzi mpwa wangu alipakua programu ya simu inayokuvalisha hanfu kwa kamera. Alijiangalia ana mamianqun nyekundu, pindo linametameta, zimwi lina macho yake mawili mahali pake. Nzuri kuliko ile ya Guangzhou, sikatai. Nikamwomba ageuke nione milango ya nyuma inavyolaliana.

Akageuka. Sketi ikabaki imenitazama, marinda mbele, zimwi mbele, na mpwa wangu kanipa mgongo ndani yake.

"Mjomba," akauliza, "umeona?"

Nikamwambia ageuke tena.